Kikombe Ambacho Mama Hakukionja

Bitondo alipokufa nilivaa kitenge changu kizuri kuliko vyote, kile cha maua ya manjano, nikapanda pikipiki kutoka Fizi nikashuka Baraka kwenye kilio chake. Wajukuu wangu walishangaa. "Koko, ule muntu hukumupenda hata kidogo," wakaniambia. Ndiyo maana naenda, nikawajibu. Nilitaka kumwona amelala na pamba puani, niwe na uhakika. Kuna watu wanasema uzee unapoza moyo. Huo ni uzee wao. Mimi nimembeba mwanamke yule mgongoni tangu nikiwa msichana wa masomo, na sikukubali ashushwe kaburini mimi nikiwa mbali. Niliketi mkekani pamoja na bamama wengine, nikala bugali yao na sombe yao ya majani ya muhogo mpaka nikashiba, na machozi hayakunitoka hata moja. Waliozeeka pamoja nami walinitazama kwa jicho la pembeni. Walijua. Wote walijua, na kila mmoja akajifanya anatafuta mwiba kwenye samaki wake.

Ndipo Etando akaja kuketi karibu nami. Etando ni mdogo wake Wilondja, na Wilondja ndiye mwanamume ambaye angekuwa mume wangu, kama mwaka ule usingekuja. Wazazi wao walikufa mapema. Bitondo, shangazi yao, ndiye aliyewalea wote wawili. Etando amekuwa mzee mwenye mvi, lakini bado ana ile tabia yake ya kukuna goti akiwa na neno zito. Akalikuna sana siku ile. "Dada Sifa," akasema, "kuko neno ya kukuambia. Mwaka uliopita tulimupeleka kaka Bukavu, kichwa ilikuwa inamusumbua tena. Banganga ba hospitali bakamupima moyo na mashine. Iko na tundu." Nikamwuliza tundu gani. "Tundu, mu moyo. Alizaliwa nayo. Banasema ile siku kwenu, damu ilikuwa imeganda mu ile muguu yake ya kuvunjika. Ikapanda, ikapita mu ile tundu, ikaenda kuziba mu kichwa. Haikukuwa sumu, dada." Kisha nikamwuliza swali moja tu: Bitondo alijua? Akakuna goti. "Tulimuambia. Akasema mambo ya zamani tumwachie Mungu." Alijua, basi. Mwaka mzima alijua, akaenda kanisani kila Jumapili, akaketi benchi la mbele, akaimba, na hakufungua kinywa. Hapo ndipo nilipoacha kumtazama maiti, nikaanza kuwatazama walio hai.

Ili mnielewe, lazima niwaambie mama yangu alikuwa nani Baraka miaka ile, ile miaka serikali ilipotukataza majina ya ubatizo na tai za Kizungu, na kila mtu akaitwa sitwayeni, yaani raia. Baba simzungumzii hapa. Mama alikuwa mkono wa chumvi. Harusi yoyote, Krismasi, kilio, mkutano wa kanisa, hakuna sufuria kubwa iliyotiwa chumvi kabla ya kumwita Mama Sifa. Bamama wengine walimenya muhogo, walitwanga sombe, walichochea moto, lakini chumvi walimngoja yeye. Alikuja taratibu, akachota mchuzi kwa mwiko, akamimina kiganjani, akalamba, akafumba macho, akasema, "Bado," au akasema, "Sasa ni chakula." Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje, na jiko hilo ndilo lililokuwa sebule ya mtaa. Pale nilisikia mambo yote ya Baraka: nani ameacha mke, nani amekamatwa kwa kuvaa tai, mtumbwi gani umerudi bila ndagala. Na pale nilisikia siku moja mama akimwambia jirani yetu, "Mukwe wa mashimo ya zahabu, leo iko, kesho hayuko." Alisema kwa kucheka, kama mama yeyote anayeozesha binti. Maneno hayo yalikuja kututafuta baadaye.

Mgeni kwetu hapewi kinywaji kikavu. Simaanishi bila maji. Namaanisha bila kuonjwa. Anayekupa ndiye anayeanza: anamimina, anakunywa funda moja mbele ya macho yako, anafuta ukingo wa kikombe, anakukabidhi. Hata mtoto mdogo anajua. Watu wanaiogopa sumu kuliko wanavyowaogopa askari, na wanasema mwenye nia mbaya huificha chini ya ukucha, akuchovyee kidole tu, basi. Mama alionja maisha yake yote. Isipokuwa siku moja.

Siku hiyo Wilondja aliletwa kwetu kuzungumza mahari. Alikuwa mchimbaji huko Lulimba, na jiwe lilikuwa limemwangukia mguuni ndani ya shimo. Mtengeneza mifupa wa kule alimfunga vijiti kwa kamba za mgomba, akamlaza wiki nyingi bila kuondoka kitandani. Kisha wakampakia kwenye kamyo, lori la mizigo, juu ya magunia ya mahindi, mguu umebanwa pembeni, njia ile mbovu yote, mpaka Baraka. Aliposhuka mguu ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa. Niliuona kwa mlango wa jiko, nikasikia huruma, na nikasikia pia furaha, maana alikuja kwa ajili yangu. Bitondo alitangulia mbele yake. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa bamama wa Chama katika mtaa, ndiye aliyewapanga kucheza na kuimba sifa za Rais kila mkubwa alipopita, na alitembea hivyo hivyo hata akiingia nyumba ya watu.

Mama alikuwa anafunga. Hakuna aliyejua, hata mimi. Asubuhi nilimwona hakunywa chai nikafikiri ni shughuli. Pasta wetu alikuwa amehubiri kwamba anayefunga asijionyeshe kwa watu, anawe uso, ajipake mafuta, afunge kati yake na Mungu tu. Na mama, masikini, alikuwa mtu wa kutii. Alikuwa anafunga kwa ajili yangu, ndoa yangu ianze vizuri. Akaleta mutobe, yale maji ya ndizi ambayo hayajachacha, maana sisi Waprotestanti pombe hatukuweka mezani. Akamimina. Mkono wake ukapanda mpaka karibu na mdomo, nikauona ukisimama. Kisha ukateremka. Akamkabidhi Wilondja kikombe hivyo hivyo, akamimina na cha Bitondo. Bitondo aliona. Jicho lake lilifuata kile kikombe safari nzima. Akanyamaza, Wilondja akanywa, na yeye mwenyewe akanywa. Swali hili nimelitafuna maisha yangu yote: kama kweli uliogopa sumu, Bitondo, mbona ulimwacha mtoto wako anywe?

Walizungumza vizuri. Kisha mzee waliyekuja naye akasema kijana asimame, aonyeshwe kwa ukoo. Wilondja alikuwa na kiatu kimoja tu mguuni. Kingine kilikuwa chini ya kiti, maana mguu ule ulikataa. Bitondo akamwinamia. Nilimsikia, nilikuwa nimesimama na sinia mlangoni. "Utasimama mbele ya mama-mukwe na kiatu moja kama mulevi? Ingiza." Akasema, "Shangazi, inaniuma." "Ingiza, nakuambia! Unanihaibisha." Akainama, akashika kiatu kwa mikono miwili, akabana pumzi, akasukuma. Mishipa ya shingo ikamtoka. Kiatu kikaingia. Akainua kichwa, akanitazama mimi, akaanza kucheka kwa kujisifu, na kicheko kikaishia upande mmoja wa mdomo. Mkono wake wa kuume ukaanguka pajani. Akataka kusema, ikatoka sauti tu, haikuwa neno. Halafu akateleza kutoka kitini polepole, na kikombe kilichokuwa karibu naye kikamwagika sakafuni. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia. Bitondo akamsukuma kifuani. "Usimuguse! Hukuonja! Batu bote baliona, hukuonja!"

Nimemwuliza munganga mmoja wa hospitali ya Fizi baada ya kilio, anieleze ile tundu kama unavyomweleza mtoto. Akaniambia kila mtoto tumboni ana kamlango moyoni, kati ya chumba na chumba, kwa sababu hapumui bado. Akizaliwa akavuta hewa, kamlango kanafungwa. Kwa wengine hakafungwi vizuri, na wanaishi hivyo miaka yote, wanachimba, wanacheza mpira, hawajui. Damu inayotoka mguuni kwa kawaida inaenda kwanza kwenye mapafu, na donge likiwemo linakwama huko. Lakini mtu akibana pumzi na kusukuma kwa nguvu, kamlango kale kanaweza kusukumwa kakafunguka, na donge likapita upande wa pili, likaenda juu. "Huyo muntu," akaniuliza, "kabla ya kuanguka, alikohoa? Alibeba kitu kizito? Alijikaza?" Nikamtazama munganga yule. Alijikaza, nikasema. Alikuwa anavaa kiatu. Neno hilo sikulisema kwenye kilio, kwa sababu nilikuwa sijalijua. Nimeliandika hapa ili watoto wa Bitondo na wajukuu wake wasome wenyewe nani alisema "Ingiza".

Walimwita mama mbele ya chifu asubuhi moja baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, watu wakiwa bado na majembe mikononi, bendera juu. Bitondo aliketi mbele, amevaa kitenge chenye uso wa Rais, na kwa vile alivyoketi uso huo alikuwa ameukalia, lakini nani angethubutu kucheka? Akaeleza yote. Mkono uliopanda ukateremka. Maneno ya mukwe wa mashimo. Mtu mmoja akauliza mbona yeye Bitondo alikunywa kutoka chombo kile kile na yuko mzima. "Sumu haikukuwa mu mutobe," akajibu, "ilikuwa mu ukucha." Na watu wakaguna, eeeh, kama vile amewafungulia dirisha. Chifu akamgeukia mama.

"Ulionja?"

"Sikuonja."

"Sababu gani?"

"Nilikuwa nafunga."

"Nani alijua unafunga?"

"Mungu," mama akasema.

Wakacheka. Nasikia kile kicheko mpaka leo. Mimi nilipaaza sauti kwamba hakunywa hata chai asubuhi ile, wakanizomea: mtoto wa mchawi atasema nini? Na pasta wetu, yule yule aliyemfundisha kufunga kwa siri, alikuwa pale, mstari wa pili. Angesimama tu aseme, ndiyo, nilihubiri hivyo. Alitazama vidole vya miguu yake. Alikuwa anamwogopa Bitondo na Chama chake. Naye ameshakufa, na kilio chake sikuenda kwa sababu nilikuwa na homa, nasikitika sana. Chifu hakumfunga mama. Alisema ushahidi hautoshi, lakini mama huyu asikaribie tena chungu cha watu. Alifikiri amehukumu kwa upole.

Jioni hiyo mama alikata kucha mpaka kwenye nyama. Nilimkuta jikoni na wembe, vidole vinatoka damu, nikamwambia, "Mama, unafanya nini, we!" Akasema, "Baone. Baone haiko kitu." Alikwenda sokoni kuuza ndagala zake na mikono imekunjuliwa juu ya meza, viganja chini, kucha hazipo, na watu walipita. Waliona kucha zilizokatwa wakasema, "Mwenye hana kitu anakata ya nini?" Ikafika harusi ya kanisani, ya binti ambaye mama alimpikia hata sherehe ya kuzaliwa kwake. Hawakumwita. Tulisikia nyimbo kutoka nyumbani, tukasikia harufu ya mchele, mama ameketi na mikono mapajani. "Habakutia chumvi ya kutosha," akasema ghafla, kwa harufu tu. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nilikwenda kumwona Wilondja mara moja. Walikuwa wamemlaza kwa Bitondo, chumba cha nyuma, kitanda cha kamba, dirisha limefunikwa gunia. Nilingoja Bitondo aende kwenye mazoezi ya kucheza kwa Chama, nikaingia na papai. Alinitambua; macho yalikuwa yake, upande mmoja wa uso ulikuwa wake. Nikamwambia, "Wilo, ni mimi. Unajua mama hakufanya vile. Unajua." Nikakata papai, nikaonja mbele yake kipande kizima, nikameza, nikamfungulia kinywa kumwonyesha, kisha nikampelekea kipande mdomoni. Akafunga midomo. Akageuza kichwa ukutani. Nilingoja nimeshika kile kipande, maji yake yanatiririka mpaka kwenye kiwiko, na yeye akaendelea kuutazama ukuta. Sauti haikuwepo, lakini jibu lilikuwepo. Nilitoka pale sina mchumba, na nilikuwa na hasira ambayo imenilisha vizuri kuliko ndoa niliyokuja kupata baadaye.

Tukahamia Fizi, juu kwenye baridi, mama akalima maharagwe na muhogo. Habari yetu ilikuwa imepanda na kamyo kabla yetu. Pale Fizi ndipo mama alipoanza kufanya jambo ambalo sikumsamehe Bitondo kwa ajili yake, hata kama ningesamehe yale mengine yote. Tulikaa kula, mimi na wadogo zangu, sisi watoto wake wa tumbo, na mama akachukua bonge katika bugali yetu, akachovya kwenye mchuzi wetu, akala, akangoja, akatutazama mmoja mmoja, ndipo akasukuma sahani. Kila mlo. "Mama, hata sisi?" nikamwuliza. "Hata ninyi," akasema. "Kesho mumoja akishikwa na tumbo, bataniuliza." Alikuwa akiwaogopesha watoto wake mwenyewe ili asiwaogopeshe. Taratibu akaacha kabisa kushika mwiko, nikapika mimi, vibaya, naye akala bila kusema "bado" wala "sasa ni chakula". Akakonda. Homa ya mvua zilizofuata ilimkuta hana mwili wa kupigana nayo. Kutoka Baraka walikuja watu wachache mno kwenye kilio, na mmoja wao, akiosha mikono, nilimsikia akimwambia mwenzake, "Mungu hana haraka, lakini analipa." Ndivyo mwaka ule ulivyoisha.

Sasa turudi kwenye kilio cha Bitondo. Siku ya kuondoa mikeka, ya kumaliza kilio, mzee wa ukoo alisimama katikati ya uwanja, kama desturi ilivyo. "Kama kuko muntu mwenye marehemu alikuwa na deni yake, aseme sasa, tusisikie maneno kesho mu njia." Mwanamke mmoja akadai sufuria yake, akarudishiwa hapo hapo, watu wakacheka kidogo. Mzee akauliza kama yuko mwingine. Nikasimama. Magoti yangu yana ugonjwa, kwa hiyo nilisimama polepole, wakapata nafasi nzuri ya kuniona.

"Mimi namudai."

"Unamudai nini, mama?"

"Jina ya mama yangu."

Faida, binti mkubwa wa Bitondo, akaja mbio akanishika mkono. "Dada Sifa, tunakuomba. Marehemu hana kinywa ya kujibu." Nikamwambia kinywa alikuwa nacho mwaka mzima uliopita, baada ya Bukavu, akakitumia kuimbia. Akaniachia mkono. Pasta, kijana mzuri mwenye suruali ya kupiga pasi, akaanza kusema juu ya msamaha. "Pasta," nikamwambia, "we ulizaliwa juzi. Mwenzako wa zamani alinyamaza siku ya kusema. We pia nyamaza." Kisha nikamgeukia mzee wa ukoo: deni la marehemu linalipwa na nani? Akajibu kwa shida, akitazama chini, kwamba linalipwa na wa nyumba yake. Basi, nikasema, wa nyumba yake wako hapa. Nangoja.

Halafu nikasikia kiti kikilia. Wilondja alikuwa anasimama, fimbo mkono wa kushoto, mkono wa kuume umekunjamana kifuani kama siku zote. Maneno yalimrudia miaka mingi iliyopita, siyo yote, na kila moja analivuta kama mtu anayevuta mtumbwi mchangani. Etando akataka kumshika, akamkataa kwa kiwiko. Akasimama. Jasho lilikuwa limeshamtoka kabla hajasema kitu.

"Mama Sifa," akasema. Akapumzika. "Hakunipa... sumu. Ni moyo... yangu. Iko na tundu. Yee... hakufanya kitu."

"Yeeee!" bamama wakalia, wakapiga viganja. Mzee wa ukoo akavua kofia. Pasta akainua mkono ili watu waimbe, kwa maana wote waliona mambo yamekwisha, na kwamba sasa mimi nitalia, nitamkumbatia yule mzee, tutakuwa ndugu. Wilondja naye alikuwa ameanza kuketi.

"Ngoja," nikasema. "Rudia. Bale ba jikoni habakusikia."

Akanitazama. Akageukia upande wa masufuria, bamama waliokuwa wakipika wakaacha miiko, akarudia yote, neno kwa neno, na safari hii sauti ilimkatika mara mbili. Faida alikuwa analia. "Dada, anachoka. Huoni?"

"Naona," nikasema. "Mama yangu pia alichoka. Na bale ba kule njiani habakusikia."

Hakuna aliyenizuia. Wilondja akajikokota mpaka kwenye lango, mimi nyuma yake, simshiki, namwangalia tu asipunguze neno. Njiani walikuwa wanapita watu wa sokoni, wa pikipiki, watoto wa masomo ambao mama yangu hawamjui wala hawatamjua. Akashika mti wa ua, akavuta pumzi kutoka mbali, na kwa ule upande mmoja wa mdomo uliobaki mzima akapiga kelele mpaka pikipiki zikasimama:

"Mama Sifa... hakunipa... sumu!"